Tulivyopeleka Mbuzi Maskati

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mkubwa wetu alikuwa Bibi, ambaye hesabu kamili ya umri wake hatuijui, ila mwenyewe husema kwamba mwaka 1964 alikuwa mwari anayefundishwa jikoni. Na mdogo wetu alikuwa mwanangu wa pili, mwenye miaka sita, aliyeng'oka jino la mbele siku mbili kabla ya safari. Kati ya hao wawili walikuwapo Mjomba na mkewe, Mama, Mama Mdogo, binamu zangu wawili, mwenzangu wa nyumbani, mwanangu wa kwanza na mimi. Dereva aliyetupeleka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam aliyatazama masanduku yetu, akauliza kama tunasafiri ama tunahama.

Tulikuwa tukienda Omani kwa siku kumi na mbili za likizo ya Desemba. Fedha zilitoka katika mfuko ambao ukoo uliuchangia kwa miaka mitatu, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, Mjomba akiwa mshika daftari asiyesamehe deni. Wako waliotucheka. Kwetu mtu akienda nchi za nje huwa amekwenda masomoni, au kutibiwa, au kufanya biashara, au kuhiji. Kuchukua bibi na vitukuu kwenda kutembea tu huhesabiwa kuwa ni anasa ya watu wenye fedha za kuchezea. Mimi naona sivyo. Hata hivyo ni kweli kwamba mmoja wetu hakuwa akienda kutembea tu, nalo hilo hatukulifahamu mpaka siku ya tisa.

Mwenyeji wetu alikuwa mdogo wake Bibi, ambaye sisi wajukuu humwita Bibi Mdogo. Walizaliwa pamoja Wete, kisiwani Pemba. Bibi aliolewa Tanga. Mdogo wake akaolewa na kijana ambaye wazee wake walitoka Sharqiyah, upande wa mashariki wa Omani, na mwaka 1974, baada ya kukaa miezi miwili nyumbani kwa Bibi kuagana, akamfuata mumewe huko. Tangu hapo walikuwa wameonana mara mbili tu: mara moja katika matanga ya mama yao, na mara nyingine Makka, walipojaaliwa kuhiji mwaka mmoja.

Tulipomwuliza kwa simu tumletee nini, hakutaka karafuu wala kanga. "Nileteeni mbuzi," alisema. Mwanangu wa pili alikuwa karibu na simu, na kwa muda wa wiki mbili aliwaza namna mnyama huyo atakavyofungwa mkanda ndani ya ndege. Msomaji wa pwani amekwisha kuelewa. Mbuzi iliyotakiwa ni ile ya kukunia nazi: kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Maskati mashine za kusagia nazi zipo, na tui la kopo limejaa madukani, lakini Bibi Mdogo alishikilia kwamba kitokacho humo si tui, bali ni maji meupe.

Basi mbuzi ikasafiri, imefungwa ndani ya kanga mbili. Safari yenyewe ni ya saa tano na ushei angani. Katika forodha ya Maskati, ofisa kijana aliona chuma chenye meno katika kioo cha mashine, akataka sanduku lifunguliwe. Mjomba alianza kueleza kwa Kiingereza, akakwama katikati. Na kwa haki, mbuzi huitwaje kwa Kiingereza? Mwanangu akaona amsaidie. "Ni mbuzi wa Bibi," alisema kwa Kiswahili. Hapo ofisa wa meza ya pili, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, akageuka. "Si mbuzi *wa* Bibi, mwanangu," alisema kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa. "Ni mbuzi *ya* Bibi. Yule hulia, hii hukuna." Akasema maneno machache kwa Kiarabu na mwenziwe, sanduku likafungwa, na sote kumi na mmoja tukapita tukicheka.

Mgeni asishangae kukuta Kiswahili mezani pa forodha ya nchi ya Kiarabu. Njia kati ya pwani yetu na ile ni ya zamani. Waomani waliwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Mombasa katika Ngome ya Yesu. Sayyid Said bin Sultan akahamishia makao yake Unguja, na baada ya kifo chake mwaka 1856 ufalme ukagawanyika sehemu mbili. Yakaja Mapinduzi ya 1964, na wengi wakaondoka. Kisha, Julai 1970, Sultani Qaboos bin Said alishika madaraka katika nchi iliyokuwa na kilomita kama kumi tu za lami na shule tatu za kisasa. Walitakiwa walimu, wauguzi, makarani na mainjinia, na waliokwisha kusoma walikuwa aghalabu wale waliokulia Unguja, Pemba na Mombasa, na hata Burundi, Rwanda na Kongo. Historia hiyo ina machungu yake, na ukurasa huu wa familia si mahali pa kuyamaliza. Lakini ukipita katika ofisi au soko la Maskati ukasikia mtu nyuma yako akisema "Haya, twende," usigeuke kwa mshangao.

Nyumba ya Bibi Mdogo iko Seeb, magharibi mwa mji. Usiku wa kwanza tulikaa chini, tukazunguka sinia. Kwanza huja tende na kahawa yenye iliki, katika vikombe visivyozidi kiganja cha mtoto. Desturi ni kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Usipokitikisa, mwenye dele ataendelea kumimina. Hilo Mjomba hakuambiwa. Alikunywa saba kwa adabu, na usiku ule hakulala. Baadaye likaletwa bakuli la chakula cheupe, kizito, chenye samli juu. Wajukuu wa Bibi Mdogo walikiita harees. Bibi alitia vidole, akaonja, akamtazama mdogo wake. "Bokoboko," alisema. "La mama," akajibu mdogo wake. Ni ngano ile ile na nyama ile ile, imepondwa mpaka haijulikani ipi ni ipi.

Nilichokiona usiku ule, nikakiandika katika daftari kabla ya kulala, ni hiki: watoto wa Bibi Mdogo wanasema Kiswahili kama sisi, lakini wajukuu wake wanacho Kiswahili cha chakula na cha kukaripiwa tu. Wanajua "mandazi", "mishkaki", "kula", "wacha" na "njoo hapa". Zaidi ya hapo ni Kiarabu na Kiingereza. Bibi Mdogo bado anahesabu saa kwa Kiswahili. Akimwambia mjukuu aje saa nne, huja alasiri, chai ya asubuhi ikiwa imekwisha kupoa zamani.

Siku zilizofuata tuliutembea mji. Tulikwenda Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wasio Waislamu nao hukaribishwa humo nyakati za asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Kuna taa ya kuning'inia yenye kimo cha meta 14, na kila mtu huinua kichwa kuitazama. Bibi, ambaye amesuka mikeka maisha yake yote, aliinamisha kichwa kutazama zulia. Ni zulia moja lenye tani 21 na mafundo bilioni 1.7, na wanawake 600 wa Iran walilifuma kwa miaka minne. Alichuchumaa pembeni, akalipapasa, akauliza, "Na majina yao yameandikwa wapi?" Kijana aliyetuongoza alitafuta jibu, akalikosa.

Soko la Muttrah limeinamia bandari, vichochoro vyake vimefunikwa juu, na harufu ya ubani wa Dhofar hukupokea kabla hujaingia. Wauzaji wengi ni Wahindi na Wabangladeshi, na wengine wameokota Kiswahili cha biashara. Riyali moja ya huko ina baisa 1,000, na thamani yake hupita dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo mtu aliyezoea kubeba maburungutu ya noti hujiona fukara mpaka azoee. Mwanangu wa kwanza aligundua kwamba "baisa" na "pesa" ni ndugu, maana yote mawili asili yake ni "paisa" ya Bara Hindi, akatembea na ugunduzi huo siku nzima. Kwenye maduka ya halua Bibi aliweka baraza la hukumu. Halua ya Omani ni wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na maji ya waridi, inayokorogwa saa nyingi katika sufuria kubwa la shaba, na ndiyo mama wa halua yetu ya pwani. Alionja duka la kwanza, la pili, la tatu, bila kununua. Kwenye la nne akatikisa kichwa kukubali. La tatu, alisema tulipotoka, sukari yake imemkimbia samli.

Kutoka Maskati hadi Nizwa ni mwendo wa kilomita kama 160 kuingia bara, kati ya milima mikavu isiyo na hata kichaka. Hapo tulilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya udongo, katika mtaa wa zamani wa Al Aqr, kwa sababu tulitaka kuamkia mnada wa Ijumaa. Wauzaji huwatembeza mbuzi kwa kamba wakizunguka duara, wanunuzi wamesimama kandokando; anayempenda mnyama humsimamisha mwenyewe, humpapasa mgongo, humtazama meno, na bei huanza kupanda. Mwanangu alishika kidole changu kwa nguvu. "Hawa sasa," alisema, "ni mbuzi *wa*."

Ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa mviringo, ilijengwa katikati ya karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, huyo huyo aliyewafukuza Wareno. Juu ya milango yake kuna matundu ambayo asali ya tende ilimwagwa ikichemka juu ya adui. Mkewe Mjomba alisikitika kuliko sisi sote, akihesabu tende zilizopotea bure.

Lakini kwa Mjomba, ambaye amelima mpunga wa umwagiliaji tangu ujana, safari yote ilikuwa ni Falaj Daris, nje kidogo ya Nizwa. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi, mara nyingine kwa mwendo wa kilomita nyingi, kwa mteremko mdogo tu, bila pampu. Iko inayofanya kazi hadi leo ipatayo 3,000, na mitano kati yake, Daris ikiwamo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda: mchana kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota, ingawa siku hizi saa ya mkono imeingia. Zamu ya maji hurithiwa, huuzwa, hukodishwa, na yupo wakili wa falaj anayesimamia haki. Mjomba alikaa ukingoni amekunja suruali, miguu majini. Aliuliza ni nani anayelinda zamu usiku wa manane, maana kwetu ugomvi wa maji huanza hapo. Mzee mmoja wa Nizwa alimjibu, na mtoto wa Bibi Mdogo akatafsiri, kwamba jirani mwenye zamu inayofuata yuko macho kuliko askari. Mjomba alicheka mpaka machozi. Tulimwacha hapo saa mbili, akiuliza na kujibiwa.

Sur iko pwani, kusini-mashariki mwa Maskati. Huko majahazi hujengwa hadi leo kwa mkono, na jahazi moja la mwaka 1951, Fatah Al-Khair, limewekwa nchi kavu liwe kumbukumbu. Wazee wa Sur walisubiri kaskazi, wakaja Lamu, Mombasa na Unguja na tende na samaki wa chumvi, wakarudi na kusi wakiwa na boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu. Nyumba nyingi za Ghuba zilifunikwa kwa boriti hizo.

Hapo binamu yangu, ambaye yuko chuo kikuu, aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. Je, majahazi haya hayakubeba watu? Yalibeba. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini huko Omani utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1970 tu. Mtoto wa Bibi Mdogo hakukwepa. Alisema katika mji ule wako jamaa waliotoka kwetu kama wafanyabiashara, na wako waliotoka kwetu wamefungwa, na leo wote ni Waomani, na si kila nyumba hupenda kuulizwa ilikuja kwa mlango upi. Tulisimama mbele ya jahazi bila kupiga picha kwa muda. Nasema wazi kwamba safari ya familia inayowaonyesha watoto halua peke yake, ikawaficha hilo, ni safari pungufu.

Nimeulizwa na wenzangu kazini mambo ya matumizi, basi nitayagusa. Kilichotupunguzia gharama ni kukaa kwa jamaa na kupika wenyewe. Usiku mmoja tu wa Nizwa ndio tuliolipia malazi. Kiangazi cha huko joto hupita digrii 40, hivyo mwenye mzee asithubutu kwenda Julai. Na mwenye mzee na watoto apange jambo moja kwa siku, halafu watu walale mchana. Siku tuliyopanga mambo matatu, tuligombana kwenye la pili.

Siku ya tisa ilikuwa ya karamu. Vijana walikuwa wamechimbia shuwa tangu jana yake: nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani, ikazikwa katika shimo la makaa usiku kucha. Kwa kawaida ni chakula cha Idi, ila walituvunjia desturi. Wanaume walikwenda shimoni. Bibi na Bibi Mdogo walibaki jikoni na samaki wa kupaka, nami nilikuwa mlangoni nikimenya vitunguu, ndipo nikasikia.

Bibi Mdogo alikuwa ameikalia mbuzi, anakuna. Bibi alisema, kana kwamba anaongea na chungu, "Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Kitanda cha mama nimekitia kamba mpya."

Mdogo wake aliendelea kukuna. "Nije kutembea, dada, au nije kukaa?"

"Kukaa. Mumeo amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Hapa una wajukuu wanaokuelewa nusu."

Sauti ya meno kwenye nazi ilisita. "Nusu hiyo nimeilea mwenyewe, dada," alisema Bibi Mdogo. "Na kaburi lake nalizuru kila Ijumaa."

Hakuna aliyeongeza neno. Miaka mitatu Bibi alitoa mchango wake katika daftari la Mjomba bila kuchelewa hata mwezi mmoja, nasi tulidhani ni hamu ya kuona Maskati. Wakati huo akaingia mjukuu wa kike wa Bibi Mdogo, msichana wa miaka kumi na sita, akasimama akitazama kibao kile. "Bibi," alisema kwa shida, "mimi... kuna?" Wote wawili walimtazama. Bibi Mdogo akanyanyuka, akamkalisha. Alikaa upande, kama apandaye punda, na kwa mkuno wa tatu akajichuna kidole. Bibi akamshika mabega akamgeuza, akamwonyesha namna ya kuizungusha nazi badala ya kuisukuma. Tui la siku ile lilikuwa na vipande vya kifuu ndani yake. Tulilila bila kusema.

Bibi Mdogo hakukubali wala hakukataa. Siku ya kuondoka, nafasi ya mbuzi katika sanduku ilijazwa tende, ubani na halua ya duka la nne. Madada wawili waliagana barazani, si uwanja wa ndege, kwa amri ya Bibi.

Wiki tatu baadaye simu ililia Tanga. Bibi Mdogo aliuliza dirisha la chumba cha mbele linatazama wapi. Bibi akamwambia linatazama barabarani. Bibi Mdogo akasema yeye alikuwa akilikumbuka lile linalotazama mwarobaini. La, alijibu Bibi, lile ni la chumba cha nyuma, anacholala Mjomba na mkewe. Wakaongea mengine, bei ya nazi na mvua. Simu ilipokwisha, Bibi alimwita Mjomba, akamwambia aanze kutoa vitu vyake.